Cheti cha fundi kisomeke pande zote za mpaka

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sisi ni walimu wa fani na wapimaji wa ujuzi katika uchomeleaji na umeme, hapa Tanga. Tunataka kueleza kwa nini fundi anayeaminika upande mmoja wa mpaka anaonekana hajui kitu upande wa pili, na kwa nini kijana anayechagua fani haelezwi jambo hilo kabla mzazi hajalipa ada.

Wengi wanadhani kikwazo ni sheria. Sheria ipo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Ibara yake ya 10 inazungumzia wafanyakazi kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine mwanachama, na ibara ya 11 inazitaka nchi zitambuane: vyeti vya elimu na taaluma, uzoefu alioupata mtu, hata leseni alizopewa. Kwa msingi huo wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wamekwisha kuwekeana mikataba ya kutambuana. Vyuo vikuu navyo vina mfumo wao wa sifa wa Afrika Mashariki tangu 2015. Fundi mchundo ndiye aliyebaki nje.

Sababu yake ni ya kimuundo, wala si kwamba kuna aliyemchukia fundi. Mikataba ile husainiwa kati ya bodi za taaluma. Wahandisi wana bodi kila nchi. Bodi hukaa na bodi zikakubaliana. Muashi, fundi bomba na mchomeleaji hawana bodi. Wana mamlaka za mafunzo, tena kila nchi ina utaratibu wake: Tanzania Bara kuna VETA inayofundisha na kutahini, na juu yake NACTVET inayosimamia ubora, Zanzibar kuna Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, Kenya kuna TVETA inayosajili vyuo, CDACC inayotahini kwa umahiri, NITA inayotoa majaribio ya ufundi, na KNQA inayopanga sifa zote katika ngazi. Ukitaka kusaini na jirani, hata kumjua wa kukaa naye meza moja ni kazi.

Halafu kuna namba. Hapa ndipo vijana wengi wanapokatwa bila kujua. Cheti cha VETA cha Ngazi ya 3 ndicho cha juu kabisa katika ngazi zake tatu za ufundi stadi. Katika utaratibu wa Kenya wa mafunzo ya umahiri, ngazi ya 6 ni stashahada, ya 5 ni cheti cha ufundi, ya 4 ni ya fundi mchundo, na ya 3 iko chini ya hiyo. Katika majaribio ya ufundi ya mtindo wa zamani, ambayo mafundi wengi wa Tanzania wenye umri mkubwa wanayo na ambayo NITA bado inatoa, Daraja la Tatu ndilo la kuanzia na Daraja la Kwanza ndilo la juu. Namba hiyohiyo moja, basi, ni kilele mahali pamoja na ni mwanzo mahali pengine. Ofisa ajira wa Nairobi mwenye maombi mia mbili mezani hatapiga simu Dar es Salaam kuuliza. Ataona 3, ataweka pembeni.

Lakini hata namba zikipatanishwa, bado cheti chenyewe hakisemi kitu. Tuchukue uchomeleaji, kwa kuwa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani hapa kwetu, lenye urefu wa kilomita 1,443, limewafanya vijana wengi watake kuwa wachomeleaji. Cheti kinaandika "Uchomeleaji" na ngazi. Msimamizi wa mradi wa bomba hataki kujua hilo. Anauliza: umechoma kwa njia gani, rodi au gesi ya argoni? Chuma gani, unene gani? Katika mkao upi? Bomba linalozungushwa ukiwa umekaa mezani ni 1G. Bomba lililosimamishwa wima ni 2G, lililolala bila kuzungushwa ni 5G, na lililofungwa kwa mteremko wa nyuzi 45 bila kuguswa mpaka umalize ni 6G. Aliyefaulu 6G anaaminiwa karibu mikao yote. Aliyefaulu 1G haaminiwi mingine.

Jaribio lenyewe linaendeshwa hivi. Vipande viwili vya bomba vinachongwa kingo kwa mteremko wa nyuzi 30 hivi kila upande, vinasogezwa vikiachiana nafasi ya milimita 2 hadi 3, vinashikizwa, kisha vinafungwa kwenye stendi. Mstari wa kwanza wa ndani mara nyingi unapigwa kwa rodi ya E6010, inayochimba sana, na wa kujazia kwa E7018. Baada ya kila mstari unasafisha kwa grenda na brashi ya waya. Kikipoa, kinakaguliwa kwa macho, kisha ama kinapigwa picha ya eksirei ama kinakatwa vibanzi vinavyopindwa kwenye mashine. Ukitokea ufa unaozidi milimita 3, umeanguka.

Wapi vijana wetu wanaangukia? Sehemu mbili. Ya kwanza ni ule mstari wa ndani, kwa sababu muda mwingi wa mafunzo wamechoma chuma chembamba cha mageti kwa E6013 juu ya meza, na hawajawahi kuchoma wakiangalia juu. Ya pili ni rodi zenyewe. E7018 ikitolewa kwenye kopo lake inatakiwa ikae katika oveni ya nyuzi joto 120 hadi 150, na isikae nje zaidi ya saa nne. Karakana nyingi hazina oveni hiyo. Kwa unyevu wa pwani yetu, rodi iliyolala wazi usiku kucha imeshakunywa maji. Maji hayo kwenye moto yanatoa haidrojeni, haidrojeni inaingia kwenye chuma, na ufa unajitokeza chini ya mshono saa nyingi baada ya kazi kupoa. Kwa macho mshono unapendeza. Mwanafunzi anaambiwa amekosea mkono, kumbe kosa ni la stoo.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni karatasi moja. Kila cheti cha ufundi kiambatanishwe na nyongeza ya ukurasa mmoja, kama nchi za Umoja wa Ulaya zinavyofanya kwa vyeti vyao vya ufundi. Iandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, na kwa Kifaransa kwa anayekwenda Burundi au Kongo. Iwe na mambo haya: saa za nadharia na saa za vitendo kila moja peke yake; kazi alizopimwa nazo, si majina ya masomo; mashine na vifaa alivyotumia; kwa mchomeleaji, njia, mkao, aina ya chuma na unene; ngazi ya cheti pamoja na sentensi moja inayosema ngazi hiyo ni ya ngapi kati ya ngapi; na namba ambayo mwajiri akiiandika mtandaoni anaona jina, fani na mwaka palepale. Matokeo ya umahiri yameshaandikwa katika mitaala. Kazi iliyobaki ni kuyahamisha kutoka kabati la mtahini kwenda mkononi mwa fundi.

Saa za mafunzo zinaweza kuonekana jambo dogo. Si dogo. Ofisi zinazolinganisha vyeti vya kigeni, Ujerumani kwa mfano, hupima mafunzo ya mwombaji kwa maudhui na muda wake. Tangu Machi 2024 Ujerumani inaruhusu, katika kazi zisizo na leseni maalumu, mtu mwenye mafunzo ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na serikali ya kwao, uzoefu wa miaka 2 ndani ya miaka 5 iliyopita, na mshahara usiopungua kiwango kilichowekwa. Septemba 2024 Kenya ilisaini nayo makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi. Mawakala sasa wanapita mitaani wakiwaahidi vijana Ulaya. Kijana mwenye kozi ya miezi sita hafikii hata sharti la kwanza, na hakuna aliyemwambia.

Tusichanganye pia cheti na leseni. Fundi umeme ana milango miwili. Wa kwanza ni kutambuliwa kwamba amesoma. Wa pili ni kuruhusiwa kufunga umeme kwenye nyumba ya mtu. Tanzania leseni hiyo inatoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja yake. Kenya inatoka EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na mafuta, nayo ina madaraja A1, A2, B, C1 na C2, na T1 hadi T3 kwa sola. Hata nchi zikitambua vyeti vyote kesho asubuhi, fundi wa Moshi akienda Taveta bila leseni ya EPRA haruhusiwi. Mkataba wowote wa mafundi umeme usiozikalisha EWURA, EPRA na wenzao wa nchi nyingine meza moja utakuwa umefungua mlango mmoja tu.

Na kuna sababu ya haki kwa nini leseni isitolewe kienyeji. Majumba ya zamani ya eneo letu yalifungwa kwa rangi za Kiingereza za kale: nyekundu, njano na bluu ni nyaya za moto, nyeusi ni nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Mfumo wa kimataifa wa sasa ni kahawia, nyeusi na kijivu kwa moto, na bluu kwa nyutro. Tazama hapo: nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni moto, na bluu iliyokuwa moto sasa ni nyutro. Fundi aliyefundishwa mfumo mmoja akafungua boksi la mfumo mwingine bila kupima kwa testa anaweza kufa. Kwa hiyo tunaunga mkono kipimo cha ziada anapovuka fundi umeme, mradi kiwe kifupi: nusu siku, cha vitendo, juu ya kanuni za nchi aendako na mpangilio wa saketi, badala ya kumrudisha darasani mwaka mzima.

Mafundi walio wengi hawana cheti chochote. Wamejifunza kwa kukaa gereji na karakana chini ya fundi mkubwa. Tanzania ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, kupitia VETA. Uganda imekuwa na waraka wa ujuzi wa vitendo kwa wafanyakazi wasiosoma chuoni. Kenya nayo imetoa sera yake. Ni jambo jema, lakini tunaona linavyoharibika. Linaharibika pale mpimaji anapotanguliza maswali ya nadharia ya kuandika, kwa Kiingereza, kwa mtu aliyetengeneza injini miaka ishirini kwa Kiswahili. Linaharibika pale fundi magari anapopimwa kwa gari la kabureta ilhali mteja wake ana gari la sindano za umeme. Na linaharibika pale cheti kinapotolewa kwa ngazi ileile ya kwanza kwa kila mtu, mwanagenzi wa miaka miwili na fundi mkuu wa gereji wote sawa, kwa sababu kupima ngazi ya juu kunahitaji siku zaidi na vifaa zaidi.

Fundi anayetaka kurasimishwa asiende mikono mitupu. Aende na picha za kazi zake zenye tarehe, akionyesha kabla na baada, si kitu kilichokamilika pekee. Aende na barua za waajiri au wateja wawili watatu. Barua isiseme "ni mchapakazi na mwaminifu". Iseme alianza lini, aliacha lini, alifanya kazi gani kwa mikono yake, kwa mashine gani, nani alimsimamia, na namba ya simu ya msimamizi. Aende na zana zake anazozizoea. Majina yake kwenye kitambulisho cha NIDA, cheti cha shule na pasipoti yafanane herufi kwa herufi. Mohamed na Muhammad ni watu wawili mbele ya ofisi ya nchi nyingine, na kiapo cha majina ni rahisi kukipata ukiwa nyumbani kuliko ukiwa mpakani Horohoro na basi linangurumisha injini.

Tena utambuzi wa ujuzi si kibali cha kazi. Hili liandikwe wazi. Mtu anaweza kuwa na cheti kinachotambulika na bado akahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi. Kufungua biashara ni jambo la tatu tofauti: amri ya Tanzania ya Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya biashara ndogo kadhaa, ukiwamo ufundi wa simu na saluni zisizo za hotelini au za utalii. Kinyozi wa Bujumbura anayekuja Kigoma anatakiwa ajue kabla ya kuuza mashine zake.

Sasa ushauri kwa vijana, ambao kwetu ndio mzizi wa yote. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Mtoto wa miaka 13 au 14 anawekwa njia panda. Kenya nayo wanafunzi wa Gredi ya 10 wamegawanywa katika njia tatu tangu Januari 2026. Anayetakiwa kuwashauri ni mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye kwa kawaida anafundisha vipindi vyake vyote vya somo lake, hana chumba, na hajawahi kuingia karakana. Basi mtoto anachagua kwa kufuata rafiki, au kwa kumwona jirani aliyenunua pikipiki. Msichana akitaja umeme au uchomeleaji anaelekezwa ushonaji, wakati mshono mwembamba wa argoni unataka utulivu wa mkono, na utulivu hauna jinsia.

Mwalimu huyo apewe vitu anavyoweza kuvitumia. Cha kwanza, kipimo cha rangi: kile kitabu cha duara zenye vidoto vya rangi na namba ndani yake. Kinachukua dakika tano. Wavulana ndio hasa wanaozaliwa na upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani, na wengi hawajijui. Mtoto kama huyo akiingia umeme, anakuja kugundua mwaka wa pili kwamba waya wa kahawia na wa kijani kwake ni kitu kimoja, na ada imeshaliwa. Angepimwa mapema angeelekezwa useremala, uashi au ufundi bomba akafanikiwa vizuri tu.

Cha pili, maswali ya kuuliza chuoni kabla ya kulipa. Chuo kimesajiliwa, na namba ya usajili ni ipi? Usajili huo ni wa chuo tu au wa fani hii pia? Wanafunzi wangapi wanatumia mashine moja? Mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni ni wiki ngapi na nani anayetafuta nafasi? Kwa uchomeleaji, ulizia kilo za rodi kwa kila mwanafunzi. Swali hili linaumbua. Pakiti ya kilo 5 ya rodi za milimita 3.2 ina rodi kama 150, na rodi moja inaisha kwa dakika moja na kidogo. Pakiti nzima, maana yake, ni karibu saa tatu za kuchoma. Chuo kinachotoa pakiti moja kwa mwaka kimempa kijana saa tatu za ufundi, hata kama kwenye ratiba zimeandikwa mia nne.

Kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunapendekeza waache kusubiri mfumo mmoja utakaomeza fani zote za nchi nane. Waanze na nne ambazo mipaka inazihitaji na ambazo kazi yake inapimika kwa mikono: uchomeleaji, umeme wa majengo, ufundi bomba na ufundi wa magari makubwa. Kwa kila fani iandaliwe kazi moja ya kupima inayofanana, yenye mchoro mmoja, muda mmoja na vipimo vya kukubali au kukataa vilivyoandikwa kwa milimita. Wapimaji wabadilishane: wa Mombasa aje Tanga, wa Tanga aende Kampala, wakae kwenye mitihani halisi. Nyaraka hujenga imani polepole. Mpimaji aliyemwona mwenzake akikataa kazi mbovu ya mwanafunzi wake mwenyewe anarudi kwao akiwa na hoja ya kutetea cheti cha huko. Na kwa wachomeleaji, cheti kiwe na daftari la kumbukumbu linalosainiwa kila miezi 6 na msimamizi, kwa kuwa viwango vya kimataifa vinahesabu kwamba mchomeleaji aliyekaa muda huo bila kushika kazi ya aina ile amepoteza sifa yake.

Kwa gazeti lako, Mhariri, tunalo ombi moja. Kila mwaka, katika wiki ambazo matokeo ya kidato cha nne yanatoka, kurasa zenu hujaa orodha ya shule zilizoongoza. Tengeni ukurasa mmoja wa wiki hizo kwa fani za ufundi: muda wa kila fani, ada ya chuo cha umma, leseni inayohitajika baada ya cheti na ofisi inayoitoa, na nchi jirani zinazokikubali cheti hicho bila kipimo kingine. Safu hiyo ya mwisho kwa sasa itakuwa na nafasi nyingi tupu. Zichapisheni hivyohivyo tupu, ili wazazi na mawaziri wote wazione.

Walimu wa fani na wapimaji wa ujuzi,
Tanga